Kidole cha Saa Kumi na Moja

Pikipiki ilikuwa tayari, zimebaki valvu tu, na valvu zilibaki kwa sababu ya Bi Kidole. Hilo hakumwambia mtu. Waliokuja kumpa pole baada ya mazishi ya mumewe waliikuta kwenye banda la nyuma ya nyumba, tangi limepakwa kijani kilichoiva, rimu zinang'aa, kiti kimeshonwa upya kwa ngozi nyeusi. Wakaizunguka, wakaipapasa, wakasema marehemu alikuwa fundi bwana. Bi Kidole aliitikia kwa kichwa, akangoja watoke, akafunga mlango wa banda kwa kufuli.

Jina hilo si la kuzaliwa. Alipewa na mumewe miaka thelathini na minane iliyopita, hata rangi ya hina ya harusi haijatoka vizuri kwenye kucha. Yeye alikuwa mpigachapa wa ofisi ya ardhi, mwanamke wa maneno sitini kwa dakika bila kuangalia mashine. Mume alikuwa fundi mitambo kwenye karakana ya idara ya maji, na tayari siku hizo alikuwa na pikipiki kuukuu ya silinda moja aliyoachiwa na mjomba wake, yenye umri uliowazidi wote wawili. Kila baada ya miezi miwili au mitatu ilibidi valvu zake zipimwe. Saa kumi na moja jioni, mke ndiyo kwanza ametua mkoba na kuvua viatu, angesikia sauti kutoka uani: "Kidole, njoo."

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Valvu ni vilango viwili juu ya injini, kimoja cha kuingiza hewa na petroli, kingine cha kutolea moshi. Juu ya kila kilango kuna skrubu inayokigonga kifunguke, na kati ya skrubu na kilango lazima ubaki mwanya, mwembamba kuliko ukucha. Ukiubana mno, kilango hakifungi sawasawa na mwisho kinaungua. Ukiulegeza mno, injini inagonga kama kabati la vyombo lililosukumwa. Sasa, mwanya huo haupimiki mpaka pistoni iwe imepanda juu kabisa, na pistoni ina ujanja wake: hupanda mara mbili, mara moja ikikandamiza hewa, mara nyingine ikisukuma moshi nje. Inayotakiwa ni ile ya kukandamiza. Ili uijue, unafungua plagi inayotoa cheche, unaziba tundu lake kwa kidole, na gia ikiwa ndani gurudumu la nyuma linazungushwa polepole. Upepo ukikisukuma kidole, hapo ndipo.

Mumewe aliapa kwamba hakuna kidole kinachoifaa kazi hiyo kama cha mpigachapa. Vidole vya mafundi, alisema, vimeshakuwa magome ya mti, havisikii upepo wala moto. Alimvika mkewe kilemba cha ukoka, na mke akakivaa bila kuuliza kimefumwa na nani. Alikaa kwenye kigoda, kidole cha shahada kwenye tundu, na mume akachuchumaa upande wa pili akizungusha gurudumu na kuuliza habari za ofisini. Bosi kanuna tena leo? Yule karani wa masjala kaoa, au bado anachumbia mwaka wa saba? Mara nyingi upepo ulikuja ukapita, Bi Kidole yuko katikati ya hadithi, ikabidi gurudumu lizungushwe upya. Kazi ya robo saa ilikula saa nzima, na mume hakulalamika hata siku moja.

Alipostaafu, miaka mitano kabla ya kufa, mume aliifungua pikipiki yote mpaka nati ya mwisho. Vipande vilikaa kwenye makopo ya maziwa, vingine juu ya friji, na springi moja ilipatikana kwenye droo ya vijiko. Alikwangua kutu, akachonga bushi, akapiga rangi mara nne na kuikwangua mara tatu kwa kutoridhika. Mwaka wa tano pikipiki ikasimama tena kwa stendi yake yenyewe. Ndipo alipokuja mlangoni akifuta mikono kwa tambara, akasema imebaki valvu tu, Kidole.

Mara hiyo ya kwanza mgongo ulikuwa unamsumbua mke, akamwambia amwite Grisi, rafiki yake wa karakana. Mara ya pili alikuwa anapanga kabati la nguo, akasema kesho. Mara ya tatu alikuwa amechukia, na hakumchukia mtu bali bomba la jikoni, lililovuja wiki nzima huku fundi mwenye nyumba yuko bandani. Akamjibu bila kugeuka: "Hiyo pikipiki si ife tu ikazikwe." Mume akacheka. Akalikaza bomba jioni hiyo hiyo, akanawa mikono, akaketi kusikiliza taarifa ya habari, wala hakumwita tena. Wiki tatu baadaye moyo wake ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu.

Ndugu msomaji, maneno ya hivyo husemwa katika kila nyumba yenye watu wawili, na kesho yake hufunikwa na mengine. Haya hayakupata wa kuyafunika. Kwa miezi kumi na mmoja Bi Kidole alikaa nayo. Aliamini kabisa kwamba mumewe alikufa bila kuisikia injini yake kwa sababu alikosa kidole, na aliyemnyima kidole ni yeye. Akajiapia kwamba injini ile itawaka. Hakuwa na mpango wa kuiendesha, wala wa kumpa mtu. Alitaka iwake mara moja tu, apate kusema kwamba kazi aliyoitiwa ameifanya.

Nyumba ilikuwa imepwaya. Binti yao, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili akauliza kama mama amekula, mama akasema amekula, na mara nyingine ilikuwa kweli. Siku moja ya Jumatatu alikwenda dukani kununua kiberiti, akafungua kinywa kusema, sauti ikakwama na kutoka imechakaa. Akiwa njiani kurudi alipiga hesabu akagundua kwamba hakuwa amesema neno tangu simu ya Jumapili ile nyingine, maana ya jana yake binti hakupiga. Siku hiyo hiyo akachukua ufunguo wa banda.

Alianza peke yake. Vifaa alivijua kwa sura, kwa sababu alikuwa amevipokeza miaka thelathini: spana ya plagi, bisibisi fupi, na fila geji, vile vibati vyembamba vilivyofungwa pamoja kama kurasa, kila kimoja kimeandikwa unene wake. Kitabu cha pikipiki kilikuwa rafuni na alikisoma kama barua ya ofisi, neno kwa neno. Alichosahau ni urefu wa mikono yake. Akiziba tundu la plagi, gurudumu la nyuma halifikiki. Akilishika gurudumu, tundu liko mbali.

Akapiga moyo konde, akakaa sakafuni, akanyoosha mguu na kulisukuma gurudumu kwa kisigino kwenye spoki. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, kanga imekunjwa mpaka magotini, kidole huku, mguu kule. Angekuwapo mtu wa kumwona wangecheka wote wawili. Mguu uliteleza, akaanguka ubavu, akakaa hapo chini akitazama dari la bati. Alijaribu tena, na tena. Mara ya sita alidhani amesikia upepo, akainuka haraka kabla gurudumu halijarudi nyuma, akapima mwanya, akakaza nati, akafunika kila kitu. Kisha akapiga kiki mpaka goti likaanza kutetemeka. Injini ikagonga, ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Akafunga banda. Kesho yake akampigia simu Grisi.

Grisi alikuwa rafiki wa marehemu, wamefanya kazi karakana moja miaka ishirini na minane. Jina alilipata siku ya kwanza ya kazi, kopo zima la grisi lilipommwagikia kichwani, na ingawa sasa hakuwa na nywele za kushika grisi wala vumbi, jina halikumtoka. Alifika siku ya pili saa tatu asubuhi na mkoba wake wa vifaa, akamwamkia shemeji yake, akaulizia afya na binti, kisha akavua koti na kusema waende bandani.

Bi Kidole akamwambia akae kwanza. Akamwekea chai, akamwekea na gazeti. Chai ikaisha, Grisi akainuka, akaambiwa akae. Kulikuwa na haraka gani? Wataanza saa kumi na moja.

Grisi alitazama saa ya ukutani, akaitazama na ya mkononi, kama mtu anayetafuta ipi inamdanganya. Akauliza kwa upole kuna nini saa kumi na moja.

"Ndiyo saa ya valvu," Bi Kidole akasema.

Alisema hivyo kama mtu anavyosema kwamba mchele huoshwa kabla ya kupikwa. Miaka thelathini na miwili hakuwahi kuona valvu zikipimwa saa nyingine. Mume alitoka kazini juu ya pikipiki ile, akaiegesha uani, akangoja mkewe atue mkoba, akaita. Hata bomba la moshi lilikuwa bado la moto, na mara mbili lilimwachia alama kwenye muundi.

Grisi akajikuna kidevu. Alieleza polepole, kwa adabu ambayo mtu huitumia kwa mjane, kwamba valvu hupimwa asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Ikiwa ya moto, vyuma vimetanuka na kipimo kinakudanganya, ikija kupoa mwanya umepanuka na injini inagonga. Hata kitabu kinasema. Bi Kidole alikifuata kitabu rafuni, akaukuta mstari huo, akakumbuka kwamba aliusoma na kuupita, kwa kuwa injini yenyewe ilikuwa imepoa karibu miaka sita.

"Kwa hiyo hakujua," akasema. Moyoni alijisikia vibaya kwa niaba ya mumewe, kama vile amemfumania na shati lililochanika.

"Alijua kuliko sisi wote, shemeji. Mimi alinifundisha yeye." Grisi alianza kucheka, akajizuia, akaona hakuna ubaya, akacheka. Karakana nzima ilikuwa ikimtania. Fundi mkuu, na pikipiki yake ndiyo inayogonga kuliko zote mjini, unaisikia kabla hujaiona. Wakimwambia apime asubuhi kama watu wengine, alikuwa na jibu moja tu. "Alikuwa anasema kidole chake kinatoka kazini saa kumi na moja."

Bi Kidole naye akacheka, kidogo. Lilikuwa jambo la kupendeza kulisikia asubuhi ile, na alilipokea hivyo. Akasema ndiyo, alikuwa hana jinsi maskini, kazi ya watu wawili hiyo, na yeye asubuhi alikuwa anawahi ofisini.

 Grisi akainuka na mkoba wake, na safari hii Bi Kidole hakumzuia. Bandani alifungua kifuniko cha juu ya injini, akagusa skrubu, akatikisa kichwa: ilikuwa imelegea mno. Ulipima pistoni ikiwa juu, akasema, lakini juu ile ya kutoa moshi. Si kosa kubwa. Bi Kidole akavuta kigoda, akakaa, akafuta kidole chake kwa kanga na kukinyoosha kuelekea tundu la plagi.

"Hapana haja, shemeji," Grisi akasema, na mara akaonekana kujuta.

 Bi Kidole hakukirudisha kidole. Akamwuliza hapana haja vipi. Grisi akatazama mlango, akatazama vifaa, na alipoona hakuna pa kutokea alichana kona ya lile gazeti la asubuhi, alilokuja nalo bandani kwapani, akaifinyanga donge dogo, akaliziba tundu la plagi kwalo. Akasogea nyuma, akazungusha gurudumu kwa mkono mmoja. Karatasi ikatoka kwenye tundu na kulia kama mtoto anayepuliza mdomo, ikaanguka sakafuni. Akasimamisha gurudumu. Akachukua bisibisi, akagusa skrubu zote mbili, zikacheza.

"Hapo ndipo," akasema. "Ndivyo tulivyokuwa tunafanya wote."

"Na yeye?"

"Karakanani? Kila siku."

Bi Kidole aliliokota lile donge la karatasi. Lilikuwa limelowa mafuta upande mmoja. Akaligeuza, akalifungua, akasoma nusu ya tangazo la kupotea kwa hati ya kiwanja, la aina ile aliyoipiga chapa mara elfu. Thelathini na miwili, akawaza. Siku za mvua alikaa pale akitetemeka kwa baridi, siku za homa alikaa pale, siku alizopanda cheo na siku aliyofiwa na mama yake alikaa pale na kidole chake kwenye tundu, akisimulia, akidhani ameshikilia kitu.

"Basi mimi nilikuwa nafanya nini pale?"

Grisi hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa ameinama akichagua kibati kwenye fila geji, akakipitisha chini ya skrubu ya kwanza, akakivuta, akakaza kidogo, akakivuta tena mpaka kikatoka kwa kushikwashikwa, kama noti inayotolewa kwenye kitabu kizito. Alimaliza ya kwanza kabla ya kujibu.

"Ulikuwa unakaa naye."

Basi hapo ndipo jibu lile la bomba la jikoni lilipomrudia Bi Kidole, na safari hii lilikuja kamili. Miezi kumi na mmoja alikuwa amejilaumu kwa kuinyima pikipiki kidole. Pikipiki haikuwa na shida ya kidole. Mume angeweza kumaliza peke yake asubuhi yoyote kwa robo saa na kona ya gazeti, akaiwasha, akazunguka nayo mtaa mzima. Aliiacha. Alikuja mlangoni mara tatu na tambara mkononi, fundi mstaafu wa miaka sitini na minane, kumwomba mkewe atoke nje waketi kama zamani, na hakujua njia nyingine ya kuomba. Mkewe akamwambia amwite Grisi. Bi Kidole alilia, na hakujificha. Grisi akageukia skrubu ya pili na kuipima mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Aliporudisha plagi na kufunga kifuniko, alimwuliza shemeji yake kama angependa kupiga kiki mwenyewe. Akapiga. Injini ikashika kwenye kiki ya tatu, ikatetema, ikatulia, ikaendelea kuunguruma laini bila kugonga. Grisi aliinama akaisikiliza, uso umemkunjuka kwa raha ya kazi. Akasema kwa sauti ya juu kuishinda injini kwamba haijawahi kuwa nzuri hivi, hata ilipokuwa mpya pengine haikuwa hivi.

Bi Kidole aliisikiliza naye. Alikuwa ameingoja sauti hii kwa kiapo, na sasa imekuja hakuitambua. Ile aliyoijua iligonga. Siku alizotangulia kurudi aliisikia ikikata kona ya mtaa, naye akainuka kutenga maji. Hii ingepita mbele ya nyumba akiwa anashona, asiinue kichwa. Akaiacha iungurume kwa muda, kwa heshima, kisha akanyoosha mkono akaizima. Banda likawa kimya kuliko lilivyokuwa kabla.

Grisi alinawa, akavaa koti. Kabla ya kuondoka alichana vipande vingine vinne vya gazeti, akavikunja vizuri na kuviweka rafuni kando ya kitabu. Akamweleza kwamba baada ya miezi miwili mitatu apime tena, asubuhi, injini ikiwa imepoa. Akimaliza kuzungusha gurudumu aliwekee jiwe lisirudi nyuma. Ni kazi ndogo, na kwa alivyomwona, ataiweza peke yake bila shida yoyote.

"Sitaki kuiweza peke yangu, shemeji," Bi Kidole akasema. "Nataka kuitwa."

Grisi alikuwa ameshainua mkoba wake. Akautua chini, akauinua tena, akabaki amesimama nao mlangoni.